Tangazo la Camaro ya 1969: watu wanavyoamini na ukweli wenyewe

Shemeji yangu anakaa Dayton, Ohio, juzi kati kanitumia tangazo saa tano usiku, Camaro ya 1969 rangi ya chungwa, mistari miwili myeupe juu ya boneti, beji za SS (Super Sport, toleo la nguvu na la bei) mbele na nyuma. Akaandika tu "shem hii ndo yenyewe, kesho natuma advansi". Nikampigia palepale nikamwambia subiri kwanza, maana karibu kila mstari wa lile tangazo ulikuwa na kitu ambacho watu wengi wanakielewa kinyume, na mi haya magari nayapenda mno, siwezi kunyamaza mtu anapigwa.

"Ina beji ya SS, kwahiyo ni SS." Hapana jamani. Beji zinauzwa dukani mpya kabisa, unapachika jioni moja umemaliza. Na kwa Camaro ya 1969 hata namba ya chesisi haisemi kama gari ilitoka kiwandani ikiwa SS, haikuandikwa humo. Lakini kuna kitu inasema. Chungulia kwenye kioo cha mbele, juu ya dashibodi upande wa dereva. Ikianza 124379N, basi 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8 (silinda nane), 37 ni kupe, yani milango miwili, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood hapahapa Ohio (ingekuwa L ni Van Nuys, California). Sasa kwenye picha ya kumi na moja ya tangazo, ukivuta karibu, namba ilianza 12337. Hiyo 23 ni silinda sita, na SS zote za mwaka ule zilikuwa V8, yani gari hii haijawahi kuwa SS hata siku moja. Muuzaji alikuwa ameandika "tribute" chini kabisa kwa herufi ndogo, maana yake gari ya kawaida iliyovalishwa kama SS. Ni halali, na inaweza kuwa gari nzuri tu, ila bei ndo isiwe ya SS.

Halafu ile "matching numbers". Watu wanadhani ni namba yoyote inayofanana popote. Maana yake ni injini iliyozaliwa na hiyo gari, na kwenye block, ule mwili wa injini, huwa imegongwa sehemu ya namba ya chesisi, mbele ya silinda hedi ya kulia au karibu na oil filta. Tangazo linasema matching, ukifungua boneti unakuta LS3 ya lita 6.2, injini iliyoanza kutoka na Corvette ya 2008! Hayo mambo mawili hayakai pamoja, labda injini ya zamani iko gereji inauzwa pamoja na gari, na hapo unaomba picha yake.

Wengine wanasema ukishaweka injini mpya umeua thamani ya gari. Inategemea ulianza na nini. Camaro za ZL1 za 1969, toleo adimu sana, zilitengenezwa 69 tu, hiyo ukiikata umefanya kosa kubwa. Lakini Camaro za 1969 zilikuwa zaidi ya laki mbili na arobaini elfu, ya silinda sita ukiiwekea LS3, breki za diski na gia boksi ya kisasa kwa mkono wa fundi anayejua, wanunuzi wapo na wanalipa vizuri.

Nguvu za farasi pia zinachanganya watu. Namba za kabla ya 1972 zilipimwa injini ikiwa mezani, haina ekzosi yake ya kawaida wala mizigo ya kuendesha. Mwaka 1971 injini ya LT-1 ya Corvette ilitajwa kwa namba mbili, 330 kwa kipimo cha zamani na 275 kwa kipimo kipya, na ni injini ileile. Kwahiyo usilinganishe farasi 375 za injini ya zamani ya 396 (ni inchi za ujazo) na farasi 430 za LS3 ukaona ni kidogo tu zimepishana.

"Frame-off" nayo, yani gari imetengenezwa upya bodi ikiwa imetolewa kwenye fremu. Camaro hii haina fremu nzima ya kutoa, bodi yenyewe ndo chesisi, kuna kipande cha mbele tu kimefungwa na bolti. Uliza kilitoka nini, na kama bodi ilipandishwa kwenye ule mtambo wa kuigeuza kama mshikaki, picha zake ziko wapi.

Jumamosi tukaenda. Rangi inang'aa hadi unajiona. Nikachukua sumaku ndogo nimeifunga kitambaa laini nisikwaruze, nikaanza kwenye mlango, ikashika, nikapiga magoti nyuma ya tairi la nyuma, ikaanguka. Nikajaribu sentimita tano juu, ikaanguka tena. Hapo chini ya rangi ni puti tupu. Nikamwomba mzee mwenye gari ruhusa, nikamimina kikombe cha maji kwenye matundu chini ya kioo cha mbele, yalitakiwa yatokee chini nje ya gari, yakatokea ndani kwenye kapeti ya abiria. Shemeji akaniangalia tu.

Na zile maili 34,000 za kwenye tangazo? Mita ina tarakimu tano, ikifika 99,999 inarudi sifuri, kwahiyo inaweza kuwa 134,000.

Hatukununua. Wiki hii kanitumia lingine, maelezo mistari sita tu: silinda sita tangu kiwandani, sasa ina injini ya V8 ya 350, sakafu imebadilishwa mwaka 2016 na picha kabla ya rangi, waya zote mpya, risiti ziko kwenye boksi, buti lina kutu kidogo upande wa kushoto. Hilo nimemwambia shem nakuja na gari yangu mwenyewe, tunaondoka alfajiri.