Wiski Yenye Harufu ya Wodi

Asubuhi moja mama aliinua glasi niliyoiacha mezani usiku, akainusa, akaniuliza, "Nani kaumia humu ndani?"

Mama ni muuguzi mstaafu. Hajawahi kuonja pombe. Lakini kwa kunusa glasi tupu tu alitamka neno ambalo wahudumu wa baa ninaowafundisha kuonja hapa Dar es Salaam huona aibu kulitamka. Kinywaji cha bei ile, utasemaje kinanuka dawa ya kudekia? Basi watazunguka weee, mara asali, mara matunda, mpaka niwaambie wenyewe: semeni tu, kinanuka hospitali.

Glasi ilikuwa na Laphroaig ya miaka kumi, wiski ya Islay, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti. Na harufu ile haifanani na ya wodi kwa bahati. Moshi uliomo kwenye wiski hiyo umebeba fenoli pamoja na ndugu zake, kresoli na guayakoli. Fenoli ndiyo asidi ya kaboliki ambayo daktari Joseph Lister alianza kuitia kwenye vidonda vya wagonjwa wake huko Glasgow mwaka 1865. Kresoli ndiyo iliyokuwa ndani ya lisoli, ile waliyodekia wodi enzi za mama. Pua yake ilisoma vizuri kabisa.

Imefikaje kwenye chupa? Islay ina miti michache na upepo usiokatika, lakini ardhi yake imejaa piti: mimea ya kinamasi iliyokufa ikarundikana kwenye maji, isioze ikaisha. Hurundikana polepole mno, kama milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo anayechimba mita moja kwenda chini anafikia mimea ya miaka elfu iliyopita. Hukatwa mfano wa matofali, ikaanikwa, ikachomwa. (Wanyarwanda wanaijua, huiita nyiramugengeri, na wamejenga mtambo wa umeme wa kuichoma huko Gishoma.)

Shayiri huloweshwa mpaka ichipue. Hicho ni kimea, ndugu wa kimea cha togwa. Kikiachwa, chipukizi litakula wanga wote, kwa hiyo lazima kikaushwe upesi, na kisiwani kuni za kukaushia zilikuwa piti. Moshi hushika maganda yakiwa bado mabichi. Yakishakauka hayapokei tena. Ndiyo maana mchoma piti huwasha moto wa moshi mwingi mwanzoni.

Wanaopenda tarakimu hupima fenoli kwa sehemu katika milioni. Ardbeg, wiski nyingine ya Islay, hutumia kimea cha kama 55. Toleo moja la Octomore, nayo ya huko huko, lilifika 309. Mimi tarakimu hizi sizipi uzito. Zinapima kimea, hazipimi glasi, na njiani mengi hupotea. Wiski hupikwa mara mbili kwenye mitungi ya shaba yenye shingo ndefu, na mvuke wa mwanzo huja mwepesi, wa matunda. Moshi ni mzito, huja mwishoni. Mpishi akikatisha mapema anapata kinywaji laini. Akisubiri kidogo moshi unaingia. Akizidisha, unaingia na uchafu wa mkiani. Kazi yote ipo kwenye kujua dakika ya kukatisha, na hiyo haiandikwi kwenye chupa.

Sasa kuonja. Mimina kidogo, kiasi cha vijiko viwili vya chai, kwenye glasi iliyobana mdomo. Usitumbukize pua kama unanusa maua. Pombe itakuchoma, na pua iliyochomwa haisikii tena kwa muda. Ishike chini ya kidevu kwanza, uache harufu ipande yenyewe. Kitakachokujia mbele ni dawa na lami. Watu wengi huishia hapo, wakakunja uso. Subiri. Moshi hauondoki, ila pua inauzoea, na nyuma yake unaanza kutokea utamu: vanila ya pipa la mwaloni, na chini kabisa, nafaka.

Weka tone la maji, au mawili. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kileo kikipungua, guayakoli hukaa zaidi juu ya uso wa kinywaji, palepale pua inaponusia. Barafu mimi nakataa. Baridi huilaza harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia.

Mdomoni iache izunguke, imeza, kisha pumua taratibu kwa pua huku umefunga mdomo. Hapo ndipo penyewe. Moshi unarudi kwa nyuma, kupitia kooni, na safari hii si mkali; umekuwa majivu ya uvuguvugu, na unakaa. Nimewahi kuhesabu dakika tano, nikaacha kuhesabu.

Kwangu mimi dakika hizo ni Upareni. Bibi alihifadhi mahindi darini, juu ya jiko, ili moshi uwafukuze wadudu. Mimi ndiye niliyetumwa kupanda kuyateremsha, nikishika magunzi yenye masizi huku macho yananitoka machozi. Nafaka kavu, tamu, iliyokaa kwenye moshi: ndicho kilichomo kwenye glasi ya Islay. Mara ya kwanza kuionja nilitafuta pa kukaa. Harufu haina safari ndefu kufika pale ubongo unapotunza kumbukumbu na hisia, kwa hiyo kifua kilishajua kabla sijapata neno.

Mama naye alikulia chini ya dari lile lile, lakini miaka thelathini ya wodi imelifunika.

Jambo la mwisho: usioshe glasi usiku. Kileo kikishakauka, asubuhi hubaki moshi mtupu, safi kuliko ulivyokuwa kwenye kinywaji, na hata asiyekunywa anaweza kuufaidi. Ila mama akiwa mgeni wangu glasi naifungia kabatini. Siku ile nilipotoka bafuni nilikuta ameshaisugua kwa maji ya moto, ameisimamisha juani dirishani, na meza nayo ameipangusa.