Tetrakloroferati: chuma kinapobeba chaji hasi

Tetrakloroferati (III) ni anioni, yaani ioni yenye chaji hasi, ambayo fomula yake huandikwa [FeCl₄]⁻. Atomu moja ya chuma hukaa katikati, na klorini nne hushika pembe za tetrahedroni, umbo la piramidi lenye nyuso nne za pembetatu. Chuma kina +3 na kloridi nne zina −4, hivyo hubaki −1. Isichanganywe na ndugu yake [FeCl₄]²⁻, ambamo chuma kina +2.

Metali tumezoea kuiona katika myeyusho ikiwa ioni chanya, lakini hapa imefunikwa na kloridi hadi chaji yake imegeuka, na mgeuko huo una faida kubwa maabarani. Chukua myeyusho wa chuma (III) na nikeli katika asidi hidrokloriki kali, uupitishe kwenye bomba la kioo lililojazwa chembechembe za resini (aina ya plastiki) zenye chaji chanya. Nikeli, ambayo haiundi anioni ya namna hii kwa urahisi, hupita na kutoka chini ikiwa ya kijani, ilhali chuma hung'ang'ania juu kama pete ya manjano. Ukifuatisha asidi iliyozimuliwa sana, molekuli za maji hutwaa nafasi za kloridi, chuma hurudia chaji chanya, na resini hukiachia. Sijui njia iliyo wazi zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi kwamba chaji ya metali hutegemea kilichoizunguka.

Anioni hiyohiyo huzaliwa na kufa mara nyingi benzeni, kimiminika ambacho molekuli zake ni pete za kaboni sita, inapotiwa klorini. Kloridi ya chuma (III), iliyo kichocheo, huivuta molekuli ya klorini na kuipokonya ioni ya kloridi, ikawa tetrakloroferati. Klorini iliyosalia hujishikiza kwenye benzeni, na protoni inayotolewa na benzeni huchukuliwa na anioni, gesi ya kloridi ya hidrojeni ikatoka na kichocheo kikarejea kama kilivyokuwa.

Mwaka 2004 Satoshi Hayashi na Hiro-o Hamaguchi, wa Chuo Kikuu cha Tokyo, waliripoti chumvi iliyo kimiminika katika joto la kawaida, iliyoundwa na anioni hii na kationi (ioni chanya) ya imidazoli, kampaundi ya kikaboni yenye umbo la pete. Kwa kuwa kila atomu ya chuma ndani yake ina elektroni tano zisizo na wenza, sumaku ikisogezwa ubavuni mwa chupa, kimiminika chenyewe huvutwa upande huo.