Dakika 20 za Kwanza za Injini ya MGB

Injini ya MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ina silinda nne na ujazo wa cc 1,798, na haimshindi fundi aliyezoea magari ya zamani ya Uingereza. Gari hili liliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na vipuri vyake bado huagizwa bila taabu kubwa. Kazi inayowatatiza wengi ni kuirudisha garini injini iliyofunguliwa yote, ikachongwa na kuvishwa pistoni mpya, kisha kuiwasha kwa mara ya kwanza. Mimi naifanya kazi hiyo hapa Malindi, na kila hatua yake huipima kwa swali moja: je, itaisaidia injini kuwaka papo hapo na kuendelea kunguruma bila kuzimwa?

Sababu ya swali hilo iko kwenye kemishafti, yaani shafti inayofungua valvu. Vinundu vyake vinavyosukuma tapeti havina tundu la oili ya presha. Hulainishwa zaidi na oili inayorushwa na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka kwa kasi. Krenki ikizunguka polepole, iwe ni kwa stata au injini inaponguruma bila kukanyagwa eksileta, oili inayofika juu huwa haba, ilhali springi za valvu zinaendelea kuzikandamiza tapeti kwa nguvu zote. Grisi ya molibdeni inayopakwa wakati wa kuunda huvikinga vinundu kwa muda mfupi tu. Fundi anayezungusha stata mpaka betri inachoka, kwa kuwa distributa, inayogawa umeme kwa plagi, imekaa kinyume au petroli haijafika kwenye kabureta, anaifuta grisi hiyo kabla injini haijatoa hata mlio mmoja.

Injini huingia rahisi zaidi ikiwa imefungwa pamoja na giaboksi. Rejeta hutolewa, injini huning'inizwa kwa cheni bloku huku mkia wa giaboksi umeinama sana, na mtu mmoja hulala chini ya gari kuuongoza mkia huo kwenye njia yake. Kabla ya hapo hakikisha sahani ya klachi imekaa katikati na beringi ya klachi, ambayo kwenye MGB ni ya kaboni, haijalika, kwa sababu kuitoa injini tena kwa ajili ya beringi ni hasara ya siku nzima. Giaboksi ya gari hili hutiwa oili ya injini, wala si ile nzito ya giaboksi ambayo dukani watakupa bila kuuliza.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni mkanda wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri, unaounganisha injini na bodi. Injini imekalia mipira, na mipira haipitishi umeme. Mkanda ukiachwa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo huwa ni kebo ya choki au ya eksileta, ambayo hupata moto hata ikaungua, huku stata ikizunguka kwa unyonge. Hapa pwani hata mkanda uliopo si wa kuaminiwa, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi na shaba huota ukoko wa kijani pale inaposhikana na chuma. Mimi huufungua, husugua pande zote mbili hadi zing'ae, kisha huufunga na kuupaka grisi. Aidha, magari yaliyotoka kabla ya toleo la pili la mwaka 1967 yana athi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, na fundi aliyezoea magari ya Kijapani huufunga upande hasi kwa mazoea tu.

Valvu nazipima zikiwa baridi kwa nafasi ya milimita 0.38, nikifuata hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikifunguka kabisa, pimwa ya 1, ikifunguka ya 6, pimwa ya 3, jumla huwa tisa daima. Silinda ya kwanza ikiwa kwenye mbano, valvu zake zote mbili hulegea, na hapo ndipo rota ya distributa inapotakiwa kuelekea waya wa plagi ya kwanza. Nyaya nyingine hufuata mpango wa 1-3-4-2, kinyume cha saa.

Pampu ya oili huendeshwa na kemishafti yenyewe, hivyo huwezi kuizungusha kwa drili kutoka juu kama kwenye injini nyingine. Hujazwa vaselini inapofungwa, kisha mimi husukuma oili kwa pampu ya mkono kupitia tundu la bomba la geji ya presha hadi njia zote zijae. Baada ya hapo nazungusha stata kidogo kidogo plagi zikiwa nje, hadi sindano ya geji inyanyuke. Oili iwe 20W-50 ya madini yenye zinki ya kutosha kuvikinga vinundu, kwa maana oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa zinki ili kuyalinda makatalisti ya ekzosi. Kwenye rejeta usitie maji ya kisima, ambayo mjini kwetu mara nyingi huwa na chumvi. Tia maji yaliyochujwa ya betri pamoja na kulanti.

Injini ikishika, ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na uichezeshe kati ya hapo na 2,500 kwa dakika 20. Feni kubwa ya umeme iwe mbele ya rejeta, kizima-moto kiwe karibu, na mtu mmoja asiondoe macho kwenye geji. Presha ya oili isipopanda katika sekunde chache, zima. Moshi wa rangi inayoungua kwenye ekzosi na tone la maji kwenye mpira wa rejeta havitoshi kuisimamisha. Mwenye gari ndiye huhangaika zaidi: “Fundi, mbona unaikaza hivyo, si bado mpya?” Huwa nampa kiti, akae mbali na eksileta.

Ikishapoa kabisa nazikaza tena nati za silinda hedi kwa torki ya Nm 61 hadi 68, napima valvu upya, na kubadilisha oili pamoja na filta. Baada ya kemishafti zinabaki ringi za pistoni, ambazo hukaa sawa kwa presha ya moto inayozisukuma dhidi ya ukuta wa silinda, na presha hiyo haipatikani injini ikiwa haina mzigo. Ndiyo sababu silitumi gari kutembea polepole mjini. Naliendesha alfajiri kuvuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, kwa gia ya tatu, nikikanyaga eksileta kwa nguvu hadi mizunguko 3,000 kisha nikiiachia, na kurudia hivyo penye barabara tupu. Oili hubadilishwa tena baada ya kilomita 800 hivi, na kabla ya hapo simruhusu mwenye gari kuvuka mizunguko 4,000.