Maana ya hesabu ya ndege mbuai wanaohama

Hesabu ya ndege mbuai wanaohama ni kazi ya kukaa mahali pamoja penye anga wazi, kwa saa zilezile, msimu hadi msimu, ukiandika kila tai, kozi au mwewe anayepita safarini. Anayehesabiwa ni mpita njia tu. Mwewe wanaoshinda wakizunguka juu ya Soko la Kilombero, Arusha, wakivizia mabaki ya nyama, hawaingii daftarini hata wakiwa hamsini.

Kazi hii inawezekana kwa sababu ya jua. Tai na ndege wengine wenye mabawa mapana hawawezi kupiga mabawa maelfu ya kilomita. Ardhi ikipata moto, hewa ya joto hupanda; ndege huizunguka nayo ikiwainua, kisha huteleza mbali hadi hewa nyingine inayopanda. Mabati na lami hushika joto haraka, kwa hiyo bustani ya mjini inafaa kabisa, na hakuna haja ya kuamka alfajiri: ndege hawa wakubwa huonekana zaidi kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi.

Juu ya bahari hewa hiyo ni hafifu, ndiyo maana wengi hupitia njia nyembamba za nchi kavu. Batumi, nchini Georgia, huhesabiwa zaidi ya milioni moja kati ya Agosti na Oktoba. Arusha haina mlango wa namna hiyo. Ndege wakifika huku wamekwisha kutawanyika, na mimi naona hilo linaipa kila alama ya daftari uzito zaidi.

Wakiwa bado wanazunguka, usihesabu, maana wanachanganyika. Subiri wafike juu na kuanza kuteleza kwa mstari, ndipo uwahesabu mmoja mmoja. Kila saa andika pia upepo na mawingu. Siku isiyo na ndege huandikwa sifuri pamoja na saa ulizokaa. Bila sifuri hizo, huwezi kulinganisha mwaka huu na ujao.

Wageni wa kuvutia zaidi huja na mvua za vuli. Kozi wa Amur, mdogo kuliko njiwa wa mjini, hutoka mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, akavuka Bahari ya Hindi kwa kupiga mabawa, na huku hula kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua. Tai wa nyika za Asia naye huwala, pamoja na ukubwa wake wote, na tangu 2015 yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Machi na Aprili wanarudi kaskazini.

Kwa nini tuwasubiri njiani? Kwa sababu viota vyao vimetapakaa mno kuvifikia. Hawk Mountain, hifadhi ya ndege mbuai huko Pennsylvania, Marekani, walianza kuhesabu mwaka 1934, na miaka ya 1950 daftari lao lilionyesha wachanga wa tai wa kichwa cheupe wakipungua, ushahidi uliotumika baadaye dhidi ya DDT, dawa ya kuua wadudu.

Ukikaa kando ya Mto Themi mwezi Novemba, elekeza darubini kaskazini, upande wa Mlima Meru. Usikate tamaa kwa mawingu meupe: ndege wa mbali huonekana vizuri zaidi mbele ya wingu kuliko kwenye anga tupu la buluu.