Je, wajua? Rangi ya mwani wa kahawia imo hata ndani ya ziwa letu

Juzi pale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mama mmoja muuza dagaa alinionyesha kopo la vidonge alivyouziwa na mchuuzi. Vimetengenezwa kwa mwani wa kahawia wa baharini, na ameambiwa vinayeyusha mafuta ya mwilini. Akaniuliza: "Mwanangu, mwani si ndio huu unaoganda hapa ufukweni? Kwa nini ninunue kitu ambacho ziwa linanipa bure?"

Swali zuri mno. Nusu yake ni kweli, na nusu yake ni hatari.

Rangi ya mwani huo, ndiyo inayosifiwa kwenye vidonge hivyo, huitwa fukozanthini. Ni ya ukoo wa karotenoidi, ukoo ule ule unaotia karoti, mawese na viazi lishe wekundu wao wa chungwa. Mkemia Mjerumani Richard Willstätter na mwenzake Harold Page waliitenga mwaka 1914. Mwaka uliofuata Willstätter akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya rangi za mimea. Ikiwa peke yake, fukozanthini ni ya rangi ya chungwa. Ndani ya mwani hukutana na ukijani wa klorofili, ndipo jicho likaona kahawia.

Mwani unaihitaji kwa sababu ya mwanga. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza, hivyo kadiri unavyoshuka ndivyo unavyobakiwa na bluu na kijani, na huo wa kijani klorofili haiudaki vizuri. Fukozanthini huudaka na kuikabidhi klorofili nguvu yake. Kazi hiyo huifanya ikiwa imeshikamana na protini, na joto huvunja mshikamano huo. Ndiyo maana wakame, mwani unaoliwa sana Japani, ukichovywa mbichi kwenye maji yanayochemka huacha ukahawia na kuwa kijani papo hapo. Mimi naona hilo ni jambo la ajabu kabisa. (Mwani unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba ni wa kundi jekundu, hauna rangi hii.)

Sasa ile nusu ya kweli. Ziwa Victoria halina mwani wa kahawia, lakini lina diatomu, viumbe wa seli moja wanaoishi ndani ya magamba kama ya kioo, na wao pia wamejaa fukozanthini. Huongezeka kati ya Juni na Agosti, pepo za kusini zinapolivuruga ziwa na kupandisha virutubisho kutoka chini. Ngege, samaki ambaye wazee wa mwaloni bado wanamtaja kwa hamu, alikuwa mlaji mkubwa wa diatomu. Uvuvi uliopita kiasi, kisha sangara na sato walioletwa kuanzia miaka ya 1950, vilimmaliza karibu kabisa humu ziwani. Na chakula chake nacho kilipungua: mbolea, udongo wa mashamba na maji taka vililirutubisha ziwa kupita kiasi, na sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, wakatawala.

Hao sianobakteria ndio utando wa kijani alionionyesha mama. Baadhi yao hutoa maikrosistini, sumu inayoshambulia ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Usiuchote, usiukaushe, na ng'ombe wasinyweshwe mahali ulipoganda.

Na vidonge je? Mwaka 2005 watafiti wa Hokkaido, Japani, walionyesha kwamba panya waliolishwa fukozanthini walipunguza mafuta ya tumboni. Ndani ya mafuta hayo iliamka protini iitwayo UCP1, ambayo huchoma mafuta na kuyatoa kama joto. Kwa panya pia imeonekana kushusha sukari ya damu na kutuliza uvimbe wa ndani. Ila panya ni panya. Majaribio kwa watu ni machache na madogo, na lile linalotajwa sana, la mwaka 2010, lilichanganya fukozanthini na mafuta ya mbegu za komamanga, kwa hiyo huwezi kusema kipi kilifanya kazi. Zaidi ya hayo, utumbo wetu huifyonza kidogo tu, na kwa nafuu zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Mtu akikuambia imethibitishwa kupunguza unene, anakimbia mbele ya ushahidi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, lakini gramu chache tu za aina fulani za mwani wa kahawia huzidisha kiasi hicho mara nyingi na kuivuruga tezi ya shingo. Nilipomweleza, mama alisema dada yake aliwahi kuwa na rovu. Nikamsihi asimeze hata kimoja kabla ya kumwonyesha daktari lile kopo.

Nikamwonyesha na viazi lishe vilivyopangwa meza ya pili kutoka kwake. Karotenoidi yake ni nyingine, ila hiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hilo halina ubishi. Anayetengeneza michembe ya viazi hivyo aianike kivulini penye upepo, maana jua kali huipausha na vitamini A hupotea na rangi. Fukozanthini nayo huharibiwa na jua na joto vivyo hivyo: unga wa mwani ukishapauka, rangi uliyoifuata imeshaondoka, hata bei iwe kubwa namna gani.