"Moshi" Ndani ya Ndege na Mengine Tunayoambiana Safarini

Ilikuwa Februari, joto la Dar es Salaam mnalijua. Tulikuwa tumekaa ndani ya ndege ya kwenda Mwanza, bado iko chini pale uwanja wa Julius Nyerere, milango imeshafungwa. Ghafla juu ya madirisha, usawa wa dari, ukaanza kumiminika wingu jeupe. Mama mtu mzima aliyekuwa kiti cha pembeni akanikamata mkono.

"Mwanangu, ndege inaungua!"

"Shikamoo mama. Hebu vuta pumzi. Unasikia harufu yoyote?"

"Marahaba. Hapana, sisikii."

"Basi huo si moshi, ni ukungu."

Hakuniachia mkono mpaka ulipopotea, na simlaumu. Hakuna aliyewahi kumweleza, na kwa mji kama wetu jambo hili hutokea mara nyingi. Wakati wa kaskazi hewa ya Dar imejaa unyevu. Hewa baridi ya ndege ikikutana nayo, unyevu ule hugeuka vitone vidogo vinavyoonekana, sawasawa na ukifungua friza ya duka la samaki pale Feri. Ukungu hauchomi macho, haunuki, na hutoweka kabla haujafika mbali. Ukisikia harufu ya kuungua au ya mafuta, hiyo ni habari nyingine: mwite mhudumu papo hapo, usione haya.

Siku hiyohiyo, kijana wa nyuma yetu alilalamika kwamba AC ya ndege "imeisha gesi". Hili ndilo ninalolisikia kuliko yote, na ndilo lenye elimu tamu zaidi. Ndege nyingi kubwa za abiria hazipozi hewa yao kwa gesi ile ambayo fundi anakuja kukujazia nyumbani. Kinachopoza hewa ni hewa yenyewe.

Shika pampu ya baiskeli ujaze upepo kwa nguvu: pampu inapata moto. Sasa bonyeza kijiti cha vali ya tairi lililojaa: upepo unaotoka ni wa baridi. Hewa ikishindiliwa hupata joto, ikiachiwa itanuke hupoa. Kwenye ndege nyingi, hewa huchotwa ndani ya injini, sehemu inayoshindilia hewa kabla mafuta hayajaingia, ikiwa na joto linaloweza kupita nyuzi 200. Inapitishwa kwenye vipoozi vinavyofanya kazi kama rejeta ya gari, vikipulizwa na upepo wa nje. Inashindiliwa tena, inapozwa tena, kisha inaachiwa itanuke huku ikizungusha kipangaboi kidogo kinachokwenda kasi sana. Inatoka upande wa pili ikiwa karibu na kuganda. Baada ya hapo huchanganywa na hewa ya moto kidogo kidogo, kila sehemu ya ndege kwa kipimo chake, mpaka joto alilochagua rubani lipatikane.

Hapo ndipo inapoanguka dhana nyingine, kwamba huko juu wanafungulia tu baridi ya nje iingie. Futi 35,000 juu, nje kuna takriban nyuzi 54 chini ya sifuri, kweli. Lakini hewa hiyo ni nyepesi mno kwa mapafu yetu, lazima ishindiliwe kwanza, na ikishindiliwa inakuwa moto. Kwa hiyo hata katikati ya baridi ile, kazi kubwa ya mtambo bado ni kupoza. Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania ilipokea yake ya kwanza Julai 2018, haichoti hewa hii kwenye injini. Ina mashine za umeme za kuishindilia. Kanuni ya kuipoza ni ileile.

Na lile joto kabla ya kuruka? Ndege ikiwa imesimama hutegemea injini ndogo ya mkiani au mashine inayoegeshwa nje, pembeni ya ndege. Wakati wa kuwasha injini kubwa, hewa yenye nguvu huelekezwa kuziwashia, na upoozaji husimama kwa dakika chache. Gesi haijaisha.

Wengine husema: "Mmoja akikohoa mbele, ndege nzima inaugua." Hapana. Hewa huingilia juu na kutokea karibu na sakafu, usawa wa safu zilezile, haitembei kutoka pua hadi mkia. Kwenye ndege kubwa za kisasa karibu nusu ni hewa mpya ya nje, na nusu imepita kwenye vichujio vya HEPA vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hewa yote hubadilika kila dakika 2 hadi 3. Daladala ya Gongo la Mboto ikikwama foleni madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua haina hayo. Ila tusidanganyane: kichujio hakikukingi na anayekukoholea begani.

Kuhusu marubani kupunguza oksijeni ili abiria walale, ni uzushi. Kiasi cha oksijeni hewani kinabaki asilimia 21 kama ilivyo Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa: ndani ya ndege huwa kama uko kwenye mlima wa hadi futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi, chini kidogo ya kituo cha Mandara cha Kilimanjaro. Mgandamizo ukipungua, oksijeni unayopata kwa kila pumzi hupungua pia, ndiyo maana baadhi ya watu huhisi uchovu. Hewa pia ni kavu sana, hivyo kunywa maji.

Yule mama, tulipokuwa angani, alinyoosha mkono kufunga kile kitundu cha upepo juu ya kichwa, eti kinaleta mafua. Nikamwomba akiache wazi, akigeuze tu upepo upite mbele ya uso, kisha ajifunike mabega kwa khanga yake. Alilala mpaka Mwanza.