Pikipiki Mpya, Mwili wa Zamani: Dereva wa Mbio Anapohamia kwa Wapinzani

Kwenye atelie ya chuo chetu cha ufundi hapa Bukavu tunapokea pikipiki nyingi zilizopinda gidoni, yaani usukani, au zilizovunjika pedali ya freni. Fundi akiuliza ilikuwaje, motari, yaani dereva wa piki ya abiria, hujibu karibu maneno yale yale: "Ilikuwa bado mpya, nilikuwa sijaizoea." Na mara nyingi huyo si mtu wa kujifunza. Amebeba abiria kati ya Kadutu na Ibanda kwa miaka, na mashimo ya njia ya Panzi anayajua hata gizani. Ila wiki ile alikuwa amepata kazi kwa mwenye piki mwingine, na piki hiyo ilikuwa ya kampuni nyingine.

Mimi nafundisha mekanika. Nimeona njia nzuri ya kulieleza jambo hili ni kupitia MotoGP, mbio za ubingwa wa dunia wa pikipiki, kwa sababu vijana wetu wanazifuata kwenye simu, na kila Jumatatu asubuhi kazi haianzi mpaka mabishano yaishe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza: "Mwalimu, Marquez alitoka Honda akaenda Ducati, akawa bingwa. Rossi naye alienda Ducati, miaka miwili hakushinda hata mbio moja. Sasa nani hodari?" Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Kasoro yake ni moja tu: lilimtazama mtu, likaisahau mashine. Jibu liko pale viwili hivyo vinapogusana, kiganja kwenye gidoni, goti kwenye tangi, wayo kwenye pedali.

Tuanze na Rossi huyohuyo, kwa sababu yeye alihama zaidi ya mara moja, na matokeo hayakufanana.

Valentino Rossi alichukua ubingwa wa dunia na Honda mwaka 2001, 2002 na 2003. Honda ndiyo iliyokuwa na pikipiki bora, na wengi walisema hata mwingine angeshinda nayo. Akaamua kwenda Yamaha, timu ambayo haikushinda hata mbio moja katika mwaka wote wa 2003, na ambayo ubingwa wake wa mwisho katika daraja la juu ulikuwa wa 1992, ulioletwa na Wayne Rainey. Honda haikumfungua kabla ya mkataba kuisha. Alisubiri mpaka Januari 2004 ndipo akaipanda Yamaha kwa majaribio, huko Sepang, Malaysia.

Mbio za kwanza za msimu zilikuwa hapa Afrika, Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004. Rossi alimshinda Max Biaggi, aliyekuwa kwenye Honda, kwa sekunde 0.210. Baada ya kuvuka mstari aliiegesha Yamaha kando ya njia, akaibusu. Mwaka huo alishinda mbio 9 kati ya 16 na kuchukua ubingwa.

Wengi wanaikumbuka busu. Mimi nataka wanafunzi wangu wakumbuke krenki, mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni. Katika injini ya kawaida ya silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja, pistoni zote nne husimama kwa wakati mmoja, mbili zikiwa juu na mbili chini, kisha zote huondoka tena pamoja. Kule kusimama na kuondoka kunaitikisa nguvu ya injini, na mtikiso huo unauficha ujumbe ambao tairi la nyuma linamletea dereva: bado nimeshika, au naanza kuteleza. Mhandisi Masao Furusawa wa Yamaha na wenzake waliikata krenki upya, mikono yake ikapangwa kwa nyuzi 90, ili pistoni zisisimame zote pamoja. Nguvu haikuongezeka kwa sababu hiyo, ila ilisomeka. Dereva akifungua gesi kidogo, alihisi kidogo hicho kikifika chini. Rossi aliipata injini inayozungumza lugha anayoisikia, na alikuja na fundi wake mkuu kutoka Honda, Jeremy Burgess, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Alibadilisha kampuni, lakini watu waliokuwa wakitafsiri maneno yake kuwa nati na springi walibaki walewale.

Mwaka 2011 akaenda Ducati. Alikuwa na jina lilelile na Burgess yuleyule, na Ducati ilikuwa imeshinda ubingwa mwaka 2007 kwa mikono ya Casey Stoner. Katika misimu miwili Rossi alipanda jukwaa la washindi watatu wa kwanza mara tatu tu, na hakushinda. Ducati ya 2011 haikuwa na fremu kama tunavyoijua: kipande cha kaboni kilifungwa kwenye injini, na injini yenyewe ndiyo iliyobeba mwili wa piki. Rossi alikuwa amezoea mbele ya pikipiki kumwambia mapema kwamba mshiko unaisha. Ile ya kaboni ilikuwa ngumu na kimya. Mwaka 2012 wakamtengenezea fremu ya alumini, na bado haikutosha. Mwaka 2013 akarudi Yamaha, na mwaka huohuo akashinda mbio za Assen, Uholanzi. Stoner, aliyekuwa akishinda na Ducati ileile ya kaboni, alihamia Honda mwaka 2011 akawa bingwa papo hapo.

Kwa hiyo anayeuliza nani hodari ajaribu kwanza kueleza mtu mmoja anawezaje kuwa hodari mwaka huu na dhaifu mwaka ujao, kisha hodari tena.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Jorge Lorenzo, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Lorenzo alikuwa bingwa mara tatu na Yamaha: 2010, 2012 na 2015. Uendeshaji wake ulikuwa laini, kona pana, kasi haikatiki katikati ya kona. Yamaha ya silinda nne kwenye mstari ilimfaa. Ducati ina injini ya V, yaani silinda zake zimepangwa kwa umbo la V, inasukuma sana kwenye njia iliyonyooka, kisha inamtaka dereva afunge freni kwa nguvu na kwa kuchelewa. Alipohamia huko mwaka 2017 hakushinda hata mara moja msimu mzima, na 2018 ikaanza hivyohivyo. Magazeti yalianza kumzika.

Tatizo moja lilikuwa ni mikono. Dereva anayefunga freni kutoka zaidi ya kilomita 300 kwa saa anasukumwa mbele na uzito wa mwili wake mwenyewe. Kama hana pa kuegemea, mikono ndiyo inabeba kila kitu, na mkono uliochoka hauwezi tena kuigusa freni kwa upole. Lorenzo aliomba tangi libadilishwe umbo ili mapaja na mwili vipate mahali pa kujizuia. Lilimfikia Mugello, Italia, mwanzoni mwa Juni 2018. Akashinda mbio hizo. Akashinda zilizofuata huko Catalunya, kisha Austria mwezi wa Agosti. Mtu ni yuleyule na injini ni ileile; kilichobadilika ni umbo la kitu anachokibana kwa mapaja.

Uchungu wake ni kwamba siku chache baada ya Mugello ilitangazwa kuwa Lorenzo anahamia Honda. Subira ilikuwa imeisha pande zote mbili wakati mwili ndio kwanza unaanza kuelewa. Honda ya 2019 ikamtaka ajifunze upya. Aliumia mara kwa mara, huko Assen akavunjika mifupa ya uti wa mgongo, na mwisho wa mwaka huo akaacha mbio kabisa. Nikiwaeleza wanafunzi habari hii huwa wananyamaza.

Marc Márquez naye alikaa Honda misimu kumi na mmoja, akachukua ubingwa sita wa daraja la juu kati ya 2013 na 2019. Julai 2020 alianguka Jerez akavunjika mfupa wa mkono wa juu wa kulia, na mkono huo ulipasuliwa mara nne. Alibakiza mwaka mmoja wa mkataba wakati alipokubaliana na Honda kuachana mwisho wa 2023. Akaenda Gresini, timu ya kibinafsi iliyokuwa ikitumia Ducati ya mwaka uliopita. Honda yake ilikuwa imemzoeza kuegemea tairi la mbele anapofunga freni na kuingia kona. Ducati ikamdai alitumie zaidi tairi la nyuma. Alishinda mbio yake ya kwanza na Ducati huko Aragon tarehe 1 Septemba 2024, zaidi ya nusu msimu baada ya kuanza, ingawa alikuwa tayari bingwa mara sita wa daraja la juu. Mwaka 2025, akiwa tayari kwenye timu ya kiwanda chenyewe cha Ducati, akachukua ubingwa. Wanaosema alipanda Ducati leo akashinda kesho hawakuitazama miezi ile.

Kuna jambo la mkataba ambalo halihitaji maneno mengi. Marquez aliijaribu Ducati huko Valencia mwishoni mwa Novemba 2023, lakini alikuwa bado mtu wa Honda mpaka mwisho wa Disemba, kwa hiyo siku hiyo hakuzungumza na waandishi wa habari. Wamotari wetu wanahama kwa neno la mdomo, na ugomvi wa deni au wa karatasi za piki huanzia hapo. Karatasi moja yenye tarehe, hali ya piki na sahihi mbili inatosha.

Sasa turudi kwenye miteremko yetu. Mtu akishtuka, mwili hauulizi kichwa. Unafanya kile ulichokifanya mara elfu. Motari anateremka kutoka Kadutu baada ya mvua, mtoto anakatiza njia, na mguu wa kushoto unatafuta kushusha vitesi, yaani gia, kama zamani. Kwenye pikipiki nyingine vitesi vyote huingia kwa kukanyaga mbele. Kwenye nyingine cha kwanza hukanyagwa na vinavyofuata huinuliwa. Mguu ukifanya ishara ya piki ya zamani kwenye piki mpya, badala ya kushusha unapandisha: injini inaacha kuzuia, na piki inakimbia zaidi palepale alipotaka ipunguze. Hata wa MotoGP wana jambo hili. Wengi wao vitesi vyao viko kinyume na vya barabarani, cha kwanza juu na vingine chini, kwa kuwa piki ikilala kushoto hakuna nafasi ya kupitisha mguu chini ya pedali.

Freni nayo ina hila yake. Mkono uliozoea freni ya ngoma hujifunza kubana kwa nguvu, kwa sababu ngoma hujibu polepole, na ikiingia maji hujibu polepole zaidi. Mkono huohuo ukikutana na diski juu ya tope, tairi la mbele linafunga na piki inalala kabla mtu hajajua kilichotokea. Aliyezoea diski akipewa ngoma anapata kinyume chake: anabana kidogo, hakuna kitu, na muda umekwisha. Ambreyaje, yaani klachi, nayo inashika karibu kwenye piki moja na mbali kwenye nyingine, na hilo huonekana zaidi unapoanza kupanda mlima ukiwa na watu wawili nyuma. Tairi jipya pia huteleza mwanzoni, kwa hiyo kilomita zake za kwanza ziende taratibu, bila kuilaza piki.

Ninachowaomba wamotari ni siku mbili. Tafuta mahali tambarare asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Panda bila abiria na bila gunia. Funga freni ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, polepole kwanza, mpaka vidole vijue ni wapi inaanza kushika. Panda na kushuka vitesi huku ukivitaja kwa sauti. Wanafunzi wanaona aibu, lakini sauti inaufundisha mguu. Kisha nenda kwenye mteremko mfupi usio na watu, ushuke na vitesi vya chini. Abiria aje baadaye, na mzigo mzito wa makaa uje mwisho.

Na kwa wenye pikipiki nina neno pia. Timu za mbio zenye fedha nyingi humpa dereva wao siku za majaribio kabla ya msimu, na hawa ni mabingwa wa dunia. Wewe unampa mtu funguo saa kumi na mbili asubuhi na unataka pesa yote ya siku ikifika jioni. Msamehe hesabu ya siku mbili za kwanza. Gidoni moja na matibabu ya mguu mmoja vinakula zaidi ya hapo.

Anayepewa piki nyingine aipitishe kwetu kabla ya kubeba abiria wa kwanza. Tutamkalisha juu yake na kaske yake kichwani na viatu vyake vya kazi miguuni, tuulegeze mkono wa freni na kuugeuza mpaka vidole viufikie bila kifundo kupinda, kisha tuiweke pedali ya nyuma ilingane na wayo wake. Ni kazi ya spana mbili, na kwa hiyo hatutozi kitu.